Tabibu West na Maradhi Yaliyoitwa Salaam

Majina mengi yaliyoganda katika vitabu vya utabibu ni ya mabingwa waliokuwa na vyeo, waliosomesha katika vyuo vikubwa na kuwatibu wafalme. Jina ninalotaka kulisimulia leo si la namna hiyo. William James West alikuwa tabibu wa mji mdogo huko Uingereza. Hakuwa na chuo wala hospitali iliyoitwa kwa jina lake. Kilichomfanya atajwe mpaka leo na madaktari wa watoto duniani kote ni barua moja tu, tena si ndefu, aliyoiandika tarehe 26 Januari 1841. Barua hiyo ilihusu mtoto wake mwenyewe, na ndani yake alikiri kwamba yote aliyoyajua katika kazi yake yalikuwa yamemshinda.

Mimi si daktari, na sitajitia udaktari. Nimeichagua habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jina walilopewa maradhi hayo hapo mwanzo ni neno tunalolitamka kila siku sisi watu wa pwani: salaam. Ya pili ni kubwa zaidi. Maradhi yenyewe hayajaondoka duniani, na hapa petu mtoto anaposhtukashtuka hukimbilia kusema ni degedege, ni mchango, au ni kiumbe kisichoonekana kimemchezea. Neno moja huyafunika maradhi mengi, na ndani ya mengi hayo limo hili la mtoto wa West, ambalo halipendi kungojwa.

Mji wa Tonbridge

West alizaliwa mwaka 1793. Alifanya kazi yake katika mji wa Tonbridge, jimbo la Kent, kusini-mashariki ya London. Ni mji wa kale uliojengwa penye mto Medway, wenye mabaki ya ngome ya zamani. Siku hizo tabibu wa mji kama huo alikuwa ni kila kitu: ndiye mpasuaji, ndiye mzalishaji, ndiye mchanganya dawa.

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa tabibu wa kubahatisha. Mwaka 1837 alikuwa miongoni mwa wapasuaji wachache wa Uingereza walioandika habari za kumpasua mwanamke tumboni na kumtoa uvimbe wa maji uliokuwa katika ovari. Msomaji akumbuke kuwa dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ilikuwa bado haijaanza kutumika. Ilikuja mwaka 1846. Mtu aliyethubutu kufanya kazi hiyo, kisha akaiandika ili wenziwe wamkosoe, alikuwa na mkono thabiti na jicho la kuangalia. Jicho hilo ndilo lililokuja kumtesa miaka mitatu baadaye.

Mtoto James Edwin

Mwezi wa Februari 1840 West alipata mtoto wa kiume, akamwita James Edwin. Alikuwa mtoto mwenye siha nzuri, akinyonya vizuri na kuongezeka mwili. Alipotimia miezi minne baba yake akaona jambo dogo. Mtoto alikuwa akiangusha kichwa mbele kidogo, kama anayeitikia, kisha akikiinua. West aliona ni mchezo tu wa mtoto, akapuuza.

Hapa nataka tusimame kidogo. Huyu alikuwa tabibu wa miaka mingi, aliyekwisha kuona watoto wasiohesabika, na mtoto alikuwa ndani ya nyumba yake. Hata hivyo, alipoyaona maradhi kwa mara ya kwanza hakuyatambua. Basi ni mama gani asiyesomea utabibu atakayelaumiwa kwa kudhani mwanawe anacheza, au ana msokoto wa tumbo?

Mambo yalizidi. Kile kichwa kilichokuwa kikianguka kidogo kikaanza kuvutwa kwa nguvu mpaka kuelekea magotini, kisha mwili ukilegea na kurudi wima. Baada ya nukta chache huvutwa tena. Ilikuwa hivyo mara kumi, mara ishirini au zaidi kwa mfululizo mmoja, na mfululizo wenyewe hauzidi dakika mbili au tatu. Kwa siku ilimjia mara mbili, tatu au zaidi, akiwa amekaa au amelala. Kabla ya kumjia mtoto alikuwa akijinyoosha na kuchezacheza. Ghafla kichwa huenda chini na magoti huja juu. Ikimalizika huonekana ameogopa, akalia.

West akaanza kutibu. Matabibu wa zama zile waliamini kwamba mishtuko kama hiyo huletwa na harara katika kichwa, yaani damu na moto uliozidi kwenye ubongo na ngozi zinazouzunguka, au na meno yanayotaka kutoka. Basi alimwekea mtoto miruba kichwani imnyonye damu. Alimtia maji ya baridi utosini. Alimpa dawa ya kuharisha iliyotengenezwa kwa zebaki. Alimchanja ufizi ili meno yapate njia, akamwogesha mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu. Aliendelea hivyo wiki tatu au nne bila ya kuchoka, na mtoto akazidi kuwa mbaya, hata mishtuko ikafika hamsini na sitini kwa siku moja.

Alipoona hayo akageukia dawa za kutuliza, miongoni mwao afyuni. Hazikufaa kitu. Mtoto alipofika miezi saba akatoa meno manne karibu kwa pamoja, na wale waliodhani ni meno wakakosa la kusema, kwani mishtuko haikupungua hata kidogo. Mwezi wa nane akaachishwa ziwa kwa kuwa alikuwa amekonda. Baada ya hapo baba alimpa dawa nyepesi tu, na mafuta ya mbarika mara moja moja. Jambo lililomuumiza zaidi ni kuwa mtoto, ambaye alikuwa akiendelea vizuri, alikuwa anarudi nyuma. Alikuwa mkubwa wa mwili na mzuri wa sura, lakini hakuweza kukaa kitako, shingo haikukaza, hakutumia mikono na miguu yake kama wenziwe. Alikuwa akisikia na kuona, lakini hakutabasamu wala kumshughulikia mtu.

Safari ya London

Ndipo West alipomchukua mwanawe kwenda London. Reli ilikuwa bado haijafika Tonbridge. Ilifika mwaka 1842. Alikwenda kutaka shauri kwa matabibu wawili waliokuwa vinara wa mambo ya wazazi na watoto. Mmoja alikuwa Sir Charles Clarke, aliyekuwa tabibu wa Malkia Adelaide. Wa pili alikuwa Dakta Charles Locock, ambaye mwezi wa Novemba mwaka ule wa 1840 ndiye aliyemhudumia Malkia Victoria alipojifungua mtoto wake wa kwanza.

Wote wawili waliyatambua maradhi. Lakini faraja ilikomea hapo, kwani katika kazi yake ya miaka mingi Clarke alikuwa ameona watoto wanne tu wa namna hiyo, na Locock wawili. Mmoja katika wawili wa Locock alikuwa mtoto wa mama mjane, ambaye maradhi yalimwanzia wakiwa Italia. Mama yule alihangaika naye kwa matabibu wakubwa wa Naples, Rome, Florence, Genoa na Paris, na katika wote hao ni mmoja tu aliyeonekana kuyajua maradhi. Anayemjua mama mwenye mtoto mgonjwa anaijua safari hiyo, hata kama miji yenyewe haijui.

Clarke ndiye aliyeyapa maradhi jina la mishtuko ya salaam, kwa vile mtoto alivyokuwa akiinama. Nadhani jina hili litamshangaza msomaji wangu. Kwetu sisi salamu ni amani, ni neno la ulimi na mkono wa kupeana, na kuinama ni kwa Mola peke yake katika rukuu na sijida. Lakini Waingereza walilichukua neno hilo kutoka Bara Hindi, walikowaona watu wakiinama mbele ya wakubwa na kiganja wamekiweka kwenye paji la uso. Wao wakafahamu kuwa kule kuinama ndiko salaam. Jina likaenea. Wajerumani nao wakaunda jina lao la maneno matatu: radi, kuitikia kwa kichwa, na salaam; na mpaka leo madaktari wao hulitumia kwa herufi za mkato. Hivyo ndivyo neno letu la amani lilivyoingia katika vitabu vya maradhi ya watoto, bila ya wenyewe kuulizwa.

Barua

Aliporudi Tonbridge, West hakuwa na dawa mpya mkononi. Alikuwa na maswali. Aliwaandikia matabibu wawili wa Dublin waliokuwa wametunga kitabu cha maradhi ya watoto. Mmoja alikuwa safarini Italia. Mwengine alimjibu kwa upole kwamba alikuwa ameona mishtuko ya kidole, ya mkono au ya mguu, lakini hajapata kuona kama ya mtoto huyo. Alisikia pia habari za watoto wengine wawili, mmoja aliyeishi miaka 17 na mwengine miaka 19, wote wakiwa wamepoteza akili, kisha wakafa. Miongoni mwa wagonjwa wa Clarke, wawili ndio waliojulikana mwisho wao: mmoja alipona kabisa, mwengine alipooza na kupungukiwa na akili.

Hapo akachukua kalamu akaandika kwa jarida la The Lancet, lililoanzishwa London mwaka 1823. Barua ilichapishwa tarehe 13 Februari 1841. Ninachokistahi mno katika barua hiyo ni kwamba hakujipamba. Alisema alipuuza mwanzo. Alizitaja dawa zake zote moja moja na kusema hazikufaa. Alieleza mshtuko ulivyo, unavyoanza na unavyokwisha, kwa usahihi ambao madaktari wa leo wenye mashine husema haujapungukiwa na kitu kikubwa. Akasema aliamini kuwa haya ni maradhi peke yake, si tawi la maradhi mengine, na kwamba yalikuwa yakiwapita matabibu kwa uchache wake. Akawaomba wenziwe wafungue macho, ili yajulikane na ikiwezekana watoto waokolewe.

Mwisho wa barua akaongeza habari moja. Ile mishtuko ya kuinama ilikuwa imeendelea kila siku kwa miezi saba. Kisha mtoto akapata siku tatu za raha. Siku ya nne ikarudi kwa sura nyengine: badala ya kuinama, mtoto alikuwa akiinyosha mikono, macho yamemtoka, kisha akibaki hoi.

Baba na mwana

Je, jibu lilikuja? Halikuja kwa wakati wake. Mwaka 1849 tabibu mmoja aitwaye Newnham aliandika habari za watoto wanne wenye mishtuko ya salaam, na wengine wakafuata polepole. Lakini West hakuliona andiko hilo. Alikuwa amefariki mwaka 1848, naye mwanawe akiwa na umri wa miaka minane.

James Edwin alikua mwili, lakini akili na viungo havikumfuata. Alitiwa katika nyumba ya kutunza watu waliopungukiwa na akili, iliyohamia Earlswood katika jimbo la Surrey mwaka 1855. Msimamizi wa nyumba hiyo tangu 1858 alikuwa tabibu John Langdon Down, yule ambaye mwaka 1866 alieleza hali ya watoto inayojulikana leo kwa jina lake. Na kwa hakika watoto wa hali hiyo ya Down ni miongoni mwa wanaoweza kupatwa na mishtuko ya salaam. James Edwin West alifariki mwaka 1860, ana umri wa miaka 20.

Locock naye hakuwa amemaliza kazi yake. Mwaka 1857 alitangaza mbele ya matabibu wa London kwamba chumvi ya bromaidi imewafaa baadhi ya wagonjwa wake wa kifafa. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kifafa iliyokuja kukubalika kuwa ina nguvu ya kweli. Lakini kwa watoto wa salaam haikuwa jawabu.

Bahari iliyochafuka

Tuiruke karne moja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini tabibu wa Kijerumani, Hans Berger, alipata njia ya kuandika juu ya karatasi mikondo midogo ya umeme inayopita katika ubongo wa mtu, akaitangaza mwaka 1929. Kwa njia hiyo mwaka 1952 Frederic na Erna Gibbs, mume na mke wa Marekani, walieleza maandishi ya ajabu yaliyotoka katika vichwa vya watoto wenye mishtuko hii. Kwa mtoto mzima mistari huenda kwa utaratibu wake. Kwa hawa ilikuwa mirefu, haina mpango, kila upande na lake, mfano wa bahari ya kusi iliyochafuka. Waliiita hipsarithimia. Ikafahamika kwamba mtoto haugui wakati anapoinama tu. Hata akiwa ametulia, ubongo wake haupati utulivu wa kujifunza. Ndiyo sababu anarudi nyuma.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Ufaransa wakaikumbuka ile barua ya zamani, wakayapa maradhi jina la mtu aliyeyaeleza kwanza. Tangu hapo huitwa ugonjwa wa West.

Na dawa je? Ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazamia. Chini ya ubongo wa kila mtu ipo tezi ndogo mfano wa dengu. Tezi hiyo hutoa homoni, yaani mjumbe anayesafiri ndani ya damu, kwenda kuziamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe homoni yao. Hii ya pili, pamoja na kazi zake nyingi, hutuliza uvimbe na harara mwilini. Mwaka 1948 huko Marekani ilijaribiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, naye akainuka. Na mwaka 1950 waliohusika wakapewa zawadi ya Nobel. Mwaka huo huo ule mjumbe wa tezi ya ubongo akajaribiwa kwa watoto wachache wenye kifafa kisichosikia dawa. Kisha mwaka 1958, huko Ubelgiji, madaktari wawili, Sorel na Dusaucy-Bauloye, wakatangaza kwamba walimpiga sindano mtoto wa salaam, na mishtuko ikakatika, na ile bahari iliyochafuka katika karatasi ikatulia.

Ilikuwa imepita miaka 117 tangu barua ya West.

Tangu hapo zimefanywa hesabu za makini. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya watoto 107 wa Uingereza waliogawiwa kwa kura, baadhi wakapewa homoni na baadhi dawa nyengine iitwayo vigabatrini. Baada ya wiki mbili, waliokatikiwa na mishtuko kwa homoni walikuwa 73 katika mia, na kwa ile nyengine 54 katika mia. Watoto wenye maradhi maalumu ya kurithi yanayotia vinundu katika ubongo hawakutiwa katika hesabu hiyo, kwani wao vigabatrini huwafaa sana. Mwaka 2017 ikaja habari ya watoto 377 wa nchi kadha: waliopewa dawa zote mbili pamoja walituliwa 72 katika mia, na waliopewa homoni peke yake 57. Haki inataka niseme pia kwamba walipopimwa walipofika miezi 18, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika kukua kwa akili. Kilicholeta tofauti ni kuwahi. Waliotibiwa mapema na mishtuko ikakatika mapema ndio walioendelea vizuri zaidi.

Wala isidhaniwe kuwa homoni ni sharubati. Ina nguvu na ina madhara. Hupandisha shinikizo la damu na sukari, humfanya mtoto avimbe uso na kulia usiku kucha, na hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu, hata homa ndogo ikaweza kuwa kubwa. Vigabatrini nayo yaweza kudhuru uwezo wa macho kuona pembeni. Kwa hiyo ni dawa za kutolewa na kuangaliwa na daktari, wala si za kununuliwa dukani kwa kusikia jina lake.

Swali la harara

Limebaki swali moja ambalo mabingwa wangali wakilijadili: homoni hii hufanya nini katika ubongo wa mtoto? Wapo wasemao kwamba hutuliza harara iliyojificha humo, maana mwili ukipigana na dhara huwasha moto, na moto huo ukidumu katika ubongo mchanga huudhuru. Watafiti waliopima damu na maji ya uti wa mgongo ya watoto hawa wamekuta dalili za harara kwa baadhi yao, na kwa wengine hawakuzikuta. Wapo wengine, na miongoni mwao Tallie Baram wa California, walioshika njia nyengine. Wao wasema ubongo wa mtoto una homoni yake ya mashaka, ambayo ikizidi huuchokoza. Na ile sindano hurudi kuiambia ubongo ipunguze. Huenda pande zote mbili zina haki, kwani sababu za maradhi zenyewe si moja. Kuna mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo, kuna aliyezaliwa na kasoro ya ubongo au ya kurithi, na kuna asiyeonekana sababu yoyote.

Nikiyasoma haya humkumbuka West na miruba yake. Yeye na wenziwe walisema ni harara kichwani, wakaitafuta kwa kunyonya damu. Harara waliyoiwaza wao si hii inayopimwa leo katika maabara, na mruba haufiki ilipo. Lakini walikuwa wakikipapasa kitu gizani, na wa leo, kwa taa zao zote, hawajamaliza kukipapasa.

Tofauti na degedege

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Maradhi haya ni machache: katika kila watoto elfu kumi wanaozaliwa, hupata kama wawili au watatu hivi. Aghalabu huanza baina ya mwezi wa nne na wa saba. Na hapa pwani, ambapo mtoto akishtuka hutajwa degedege, na wazee wengine humtaja Ummu Sibiani, jina ambalo hata matabibu wa Kiarabu wa kale walilitumia kwa kifafa cha watoto, ni vyema mzazi ajue tofauti.

Degedege tuliyoizoea huja na homa kali. Mwili mzima hukakamaa na kutetemeka, macho hugeuka juu, na kila aliye nyumbani hujua kuna jambo. Hiyo nayo ni ya kukimbizwa hospitali, hasa katika nchi ya malaria. Mishtuko ya salaam haina homa. Haina kishindo. Mtoto huinama au hutupa mikono kwa nukta moja au mbili, hutulia, hurudia, hutulia, hurudia, mfululizo. Mara nyingi huwa ni pale anapoamka usingizini. Kisha hulia, na mama akadhani ni tumbo. Pamoja na hayo, mtoto aliyekuwa akicheka huacha kucheka, aliyekuwa akimfuata mama kwa macho huacha kumfuata, aliyekwisha kukaza shingo huilegeza. Dalili hizo mbili zikikutana, asingoje mwezi uandame.

Simsemi mtu kwa kumsomea mwanawe dua. Dua ni haki ya kila mzazi, na dini yetu imetufundisha dua na imetufundisha pia kutafuta dawa. Mwenye kushika moja hakuambiwa aiache ya pili. Ninachosema ni kwamba siku zinazopotea baina ya mlango mmoja na mwengine, mara kwa mfukizaji, mara kwa mwenye kombe, mara kwa jirani anayeshauri maji ya mchango, ni siku za ubongo wa mtoto. Uchunguzi wa Uingereza uliowafuata watoto mpaka umri wa miaka minne ulionyesha kwamba kila muda wa kungoja dawa ulivyozidi kuwa mrefu, ndivyo maendeleo ya mtoto yalivyozidi kupungua, na hesabu hiyo ilianza kwa wiki, si kwa miaka.

Tena leo mzazi ana chombo ambacho West hakuwa nacho. Yeye ilimbidi aeleze kwa kalamu jinsi kichwa kinavyokwenda chini na magoti yanavyokuja juu. Mama wa leo ana simu mkononi. Mtoto akishtuka, ampige picha za video, dakika moja yatosha, akamwonyeshe daktari; kwani mtoto mara nyingi hufika hospitali ametulia, na daktari akaambiwa maneno tu huweza kusema hakuna kitu. Akijibiwa hivyo na moyo wake haukutulia, aombe apelekwe kwa daktari wa watoto, na aulize juu ya kipimo cha umeme wa ubongo. Kuuliza si utovu wa adabu.

William James West hakumponya mwanawe, wala hakuishi kuiona dawa. Alichofanya ni kumtazama mtoto kwa makini, kuandika alichokiona bila ya kuficha alichoshindwa, na kuwataka wengine watazame pia. Watoto wanaokaa kitako leo, wakacheka na kuwaita mama zao baada ya kutibiwa mapema, wana haki katika barua ile. Na mzazi yeyote aliyeona kichwa cha mwanawe kikianguka kwa mfululizo usioelezeka ana la kufanya leo hii, kabla ya jua kuchwa.